Bastola Iliyotoka Kaburini

Sehemu ya Sita

Tulimwacha Bi Verna Maddox ameinama juu ya kabati la kioo, mdomo wazi, pumzi yake imetanda kwenye kioo kama ukungu. Chini ya kioo, juu ya kitambaa chekundu, bastola ya marehemu mumewe ilikuwa imejilalia zake, inamtazama.

Mtasema bastola zinazofanana ziko maelfu. Ziko. Lakini mpini wa hii ulikuwa wa pembe ya kulungu, na kwenye pembe ile palikuwa na alama za meno. Miaka kumi na mmoja iliyopita mbwa wao aliikuta juu ya kiti cha barazani, akadhani ni mfupa. Bahati haikuwa na risasi.

Na bastola hiyo Verna aliizika! Aliiweka ndani ya jeneza kwa mikono yake mwenyewe, mwezi wa tatu, chini ya kiganja cha kulia cha Odell, kisha akasimama pale makaburini mpaka koleo la mwisho la udongo lilipotua.

"Earline," aliita bila kuinua kichwa. "Njoo hapa. Niambie unaona nini."

Earline Pogue, jirani yake kwa miaka thelathini, alikuja huku anatafuna andazi lenye soseji tumboni. Lilikuwa la tatu. Duka la Royce Stubblefield lilikuwa na wiki mbili tu tangu lifunguliwe, rangi ya ukutani bado inanuka, na kila Alhamisi wanawake wa mji wa Cotton Fork waliingia bure katika ukumbi wa kulenga shabaha ulioko nyuma ya duka. Maandazi nayo yalikuwa bure. Earline alikuwa hajalaza damu.

Alitazama. Andazi likasimama shavuni.

"Naona bastola."

"Ya nani?"

"Shoga, nitajuaje? Bastola hazina vitambulisho."

"Hayo meno si kitambulisho? Tazama meno!"

"Mbwa Texas ni wengi, Verna."

"Mbwa mwenye pengo la jino la pili kushoto?"

Earline alihesabu kwa kidole. Moja, nafasi, mbili, tatu. Pengo lilikuwepo.

"Basi," alisema taratibu, "ama mtu kafukua kaburi, ama Odell katoka mwenyewe kuja kuiuza."

Verna alicheka. Hakutaka, lakini kicheko kilimtoka. Kisha akaanza kugonga kioo kwa pete yake ya ndoa. Ko! Ko! Ko!

"Royce! Royce Stubblefield! Njoo hapa kabla sijamwita sherifu!"

Royce alikuwa upande wa pili, anamwonyesha mteja mmoja bunduki ya kuwindia bata. Pandikizi la mtu, fulana nyekundu, ndevu kama ufagio, tumbo linafika yeye akiwa bado njiani. Alipoona kidole cha Verna kinaelekea wapi, uso wake ulipauka, halafu ukawa mwekundu kuliko fulana.

"Bi Verna. Karibu sana. Umeshakula?"

"Umefukua kaburi la mume wangu?"

Mteja wa bata alirudi nyuma hatua mbili.

"Mimi? Mama, mimi hata viazi vya bustanini nafukuliwa na mke wangu, kwa ajili ya huu mgongo!"

"Basi imefikaje hapa?"

"Aliniletea Odell."

"Lini?"

"Mwezi wa kwanza."

"Mwezi wa kwanza Odell alikuwa hai."

"Ndiyo maana aliweza kuileta."

Verna alifumba macho, akayafumbua. Bastola ilikuwa bado ipo.

"Na ile niliyozika mimi?"

Royce alizivuta ndevu zake kama anayetafuta jibu ndani yake.

"Mpira," alinong'ona.

"Nini?"

"Mpira mgumu, mama. Zipo za namna hiyo, tunafundishia wanaoanza. Nikaijaza vyuma ndani ipate uzito. Mpini nikauchonga kwa pembe ya kweli, nikapiga rangi siku mbili. Nisijisifu, lakini ilikuwa kazi safi."

"Na meno ya mbwa?"

Royce aliangalia viatu vyake.

"Odell aliing'ata mwenyewe."

Earline alipaliwa. Verna akampiga mgongoni ngumi tatu bila kumtazama.

"Na pengo?"

"Pengo alikuwa nalo, mama. Pale pale. Alisema ni Mungu tu."

Verna alivuta kigoda, akaketi. Miaka arobaini na mmoja ya ndoa! Odell ambaye hakuweza kumficha hata zawadi ya Krismasi, ambaye akinunua hereni anaanza kucheka peke yake tangu getini. Odell huyo, mapafu yanakwisha, miguu inavimba, alikaa kwenye karakana ya Royce akiguguna pembe ili mkewe azike mpira na machozi.

"Kwa nini?" aliuliza.

"Alitaka bastola ya kweli imfikie mtu fulani. Alisema ukijua utakataa."

"Mtu gani?"

"Nilikula yamini, Bi Verna."

"Royce, nimekuendesha kwenye basi la shule miaka tisa."

"Najua, mama."

"Siku ile ulipojikojolea njia ya kwenda Lubbock, nani alikupa sweta ujifunge kiunoni?"

"Bi Verna, wateja!"

"Nani hakumwambia mtu yeyote mpaka leo?"

"Mpaka leo," alisema Royce kwa uchungu, kwa kuwa mteja wa bata alikuwa ameshaanza kutabasamu. Akainama, ndevu zikagusa kioo. "Ni mwanamke."

Neno hilo lilianguka juu ya kabati kama tofali.

"Mwanamke," alirudia Verna.

"Huja kila Alhamisi, saa kumi. Zamani walikuwa wakifyatulia shambani kwangu, yeye na Odell. Sasa anakuja hapa, kizimba namba saba. Bastola anaiacha kwangu kwa sababu nyumbani ana mtoto mdogo, hataki silaha ndani."

"Ana umri gani?"

"Mwanamke au mtoto?"

"Wote wawili!"

"Mwanamke ni mdogo kwako, mama, kwa mbali. Mtoto ana mitano."

Wasomaji wangu, mwanamke akianza kuhesabu miaka kwa vidole, mwacheni. Verna alihesabu. Alhamisi za Odell zilianza lini? Zilianza miaka sita iliyopita, alipojiunga na wazee wa dominoo pale kituo cha zimamoto. Odell aliyekuwa hajui hata dominoo huwekwa upande gani! Alikuwa akirudi ananukia moshi, akisema ni nyama ya kuchoma. Wakati ule alikuwa na miaka sitini na miwili, na kifua chake kilipiga filimbi akipanda ngazi tatu. Lakini mwanamume ni mwanamume.

Earline naye alikuwa anaangalia saa ya ukutani. Saa kumi kasorobo.

"Twende zetu, shoga," alisema ghafla. "Nimeacha kuku jikoni."

"Asubuhi uliniambia mnakula viporo."

"Viporo vya kuku."

"Earline, mume wangu alikuwa na kimada na mtoto, nawe unaniambia habari za kuku?"

"Nakuambia habari za amani ya moyo! Mficha siri kafa, iache ife naye. Twende."

Huyu ndiye Earline ambaye hajawahi kuiacha habari ya mtu mpaka auone mkia wake. Siku nyingine Verna angeshangaa. Leo alikuwa na shughuli.

"Royce," alisema, akasimama na kunyoosha sketi yake. "Nipe kizimba namba sita."

"Mama, hapana."

"Leo Alhamisi. Mimi ni mwanamke. Ni bure au si bure?"

Royce alionyesha bango ukutani, juu ya kichwa cha kulungu aliyekaushwa. Sheria ya nne ilisema: mwenye hasira haingii.

"Nina hasira mimi?"

"Unapumua kama fahali."

"Ni pumu. Royce, sitamgusa mtu. Nataka kuona pua yake tu. Nataka kujua ni pua ya namna gani iliyoketi na mume wangu Alhamisi miaka yote hiyo. Baada ya hapo naenda nyumbani kulisha kuku wangu."

Na hilo lilikuwa kweli. Verna hakuwahi kumpiga mtu, hata wale watoto wa basi waliostahili.

Royce alimtazama. Kuna kitu kilimpita machoni, kama mtu anayeona mlango aliokatazwa kuufungua umefunguka wenyewe kwa upepo.

"Utatia sahihi fomu," alisema. "Utaangalia filamu ya usalama, yote. Nitakupa bastola ndogo, risasi moja kwa wakati, naziweka mimi. Na nitasimama nyuma yako."

"Simama hata kichwani kwangu."

Earline alikataa katakata kuingia. Masikio yake, alisema. Moyo wake. Meno yake ya bandia. Alibaki sebuleni, mkoba umebanwa kifuani, anachungulia maegesho ya magari kama mtu anayengoja mvua.

*

Ukumbi ule una milango miwili, na wa kwanza usipofungwa wa pili haufunguki. Verna alisimama katikati yake, miwani ya plastiki puani, viziba masikio vikubwa kama vya rubani kichwani, akajiona katika kioo. Alifanana na nzi.

Mlango wa pili ulifunguka. Baridi ikampuliza kisogoni. Hata kwa masikio yaliyozibwa, kila mlio ulimgonga kifuani kama mtu anayebisha hodi ndani ya mbavu.

Kizimba namba saba kilikuwa kimya. Kati yake na namba sita palikuwa na ubao mnene wa chuma, juu kuliko kichwa cha Verna. Hutaona mtu hapo, utaona karatasi yake tu ikienda na kurudi kwenye waya.

"Kidole nje ya triga," Royce alimpigia kelele sikioni. "Mdomo wa bastola mbele. Daima mbele. Macho wazi."

Verna alinyoosha mikono. Akafumba macho. Akavuta.

PAA!

Bastola iliruka kidogo. Ganda la risasi likaruka zaidi, likagonga ubao, likamwingia Verna kwenye kola ya blauzi, la moto kama kaa la jiko.

"Yesu wangu! Yesu wangu! Yesu wangu!"

"Mbele, mama! Mdomo mbele!" Royce alikuwa amemkamata kifundo cha mkono, akaielekeza bastola kwenye karatasi huku mwili mwingine wote wa Verna unacheza ngoma isiyo na jina. Ganda lilitokea chini ya sketi, likabingirika sakafuni.

"Limetoka?"

"Limetoka."

"Nimepiga?"

Waliangalia karatasi. Ilikuwa safi kama shuka la hoteli.

Wakati huo huo karatasi ya namba saba ikaanza kutembea kwenye waya. Ilienda mbali, mara mbili ya ile ya Verna. Kisha milio ikaja. Mmoja. Kimya. Mwingine. Kimya. Polepole, bila papara, kama mtu anayepigilia misumari. Milio sita. Kwenye duara la katikati pakatokea tundu moja tu, likapanuka, likapanuka, mpaka likawa kubwa kama sarafu.

"Huyo ndiye?" Verna aliuliza kwa midomo tu.

Royce alijifanya anasafisha miwani.

Mkono ukatokea kando ya ubao wa chuma, unatafuta kitufe cha kurudishia karatasi. Mkono wa mwanamke, kucha fupi. Na kwenye kifundo chake, ikiwa imefungwa tundu la mwisho kabisa, saa ya Odell! Kamba ya ngozi ya nyoka. Saa ambayo Verna aliitafuta mwezi mzima baada ya maziko, mpaka ndani ya mfuko wa mashine ya kufyonza vumbi.

Bastola aweza kumpa mtu. Lakini saa? Saa aliyoivua mkononi mwake mwenyewe?

Machozi yalimjaa ndani ya miwani, kila kitu kikaogelea. Royce alikuwa ameshaweka risasi ya pili. Verna aliinua mikono mbele, akalenga ile karatasi safi, au aliyodhani ndiyo, akavuta.

PAA!

Karatasi ya namba sita haikutikisika. Ila kwenye karatasi ya namba saba, juu kabisa pembeni, pakatokea tundu jipya, dogo, kama tundu la msumari.

"Simamisha!" Royce alinguruma. "Wote! Simamisha!"

Taa nyekundu iliwaka. Royce alimnyang'anya Verna bastola, akaifungua, akaiweka juu ya meza, akashusha pumzi ya mtu aliyenusurika. Ukumbi mzima ukawa kimya. Verna alivuta viziba masikio.

Ndiyo maana aliisikia sauti vizuri.

"Nani kanitobolea karatasi?"

Ilitoka nyuma ya ubao wa chuma. Sauti nzito kidogo, ya kukwaruza, yenye kicheko kilichojificha chini yake. Verna aliijua sauti ile. Alishika ukingo wa meza.

Mwanamke akazunguka ubao, karatasi mkononi, kofia ya besiboli imegeuzwa nyuma. Akavua viziba masikio. Yakatokea masikio ya Odell, makubwa, yaliyosimama kama milango ya teksi iliyoachwa wazi.

Leann. Binti yake. Mtoto wake wa pekee.

*

Kwa waliojiunga nasi juzi: Leann ndiye yule aliyetoroka kwa dirishani usiku wa kuamkia harusi yake na mtoto wa mchungaji, akamwachia mama yake wageni mia mbili na keki ya ghorofa nne. Verna alisimama kanisani siku ile, mbele ya watu wote, akasema hana binti. Akasema hatarithi nyumbani kwake hata msumari. Tangu hapo ni miaka sita. Simu hakuna, kadi hakuna.

Walitazamana. Royce alisimama katikati, mikono juu, kama refa wa ngumi.

"Mama," alisema Leann.

"Leann."

"Umefuata nini hapa?"

Verna alitafuta maneno ya heshima. Hayakuwepo.

"Nimekuja kuona pua ya kimada wa baba yako."

Leann alimkazia macho. Akamtazama Royce. Royce akatazama dari. Kisha bega la Leann likaanza kutikisika, na kicheko kikamtoka, kicheko cha Odell kabisa, chenye kwikwi mwishoni. Na Verna, aliyeapa kwamba hatacheka tena mbele ya mtoto huyu mpaka siku ya kiyama, alijikuta amejiinamia, ameshika mbavu, anacheka na kulia kwa pamoja, hajui kipi ni kipi.

"Wapendwa wangu," alisema Royce, "humu kuna watu wanangoja kufyatua. Kalieni benchi."

Waliketi kwenye benchi la pembeni. Nafasi ya mtu mmoja ilibaki kati yao.

"Alhamisi zote zile?" aliuliza Verna.

"Zote. Hata ile ya theluji."

"Aliniambia anacheza dominoo. Nilikuwa nashangaa mbona hashindi hata siku moja."

"Hakujua kudanganya, mama. Alikuwa anaumwa tumbo kila akirudi."

Verna alikumbuka. Alikuwa akimpa soda ya magadi.

"Na haya mabastola? Wewe ulikuwa unakimbia hata puto likipasuka."

Leann aliikunja karatasi yake mara mbili, akaikunjua.

"Nilipoondoka nilikuwa nakaa peke yangu, chumba kimoja, nje ya mji. Nilikuwa siwezi kulala. Kila gari likipita naamka. Baba akanipata, sijui kwa nani. Hakuniuliza kitu. Alisema, njoo Alhamisi nikufundishe jambo la kukutuliza mkono. Mkono ukitulia na moyo hufuata. Basi nikaja. Sasa natulia mpaka wananishindanisha na askari polisi."

"Unawashinda?"

"Nawashinda."

Fahari ilimjia Verna bila kubisha hodi, akaifungia nje, ikaingia dirishani.

"Angeniambia," alisema. "Mimi ni mke wake. Angeniambia tu."

"Ulimwambia akilitaja jina langu ndani ya nyumba atalala kwenye gari."

"Nilisema kwa hasira!"

"Miaka sita, mama?"

Hakupandisha sauti. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa. Na Verna, mwenye jibu la kila kitu, aliyewanyamazisha wachungaji na watoto wa basi zima, alinyoosha mkono juu ya nafasi iliyobaki benchini, akakishika kifundo cha binti yake, akaigeuza ile saa. Ilikuwa mbele kwa dakika saba. Odell hakuwahi kuiweka sawa. Alisema anataka kufika kila mahali kabla ya yeye mwenyewe.

"Nilikuwa mkali," alisema Verna.

"Ulikuwa."

"Keki ile tulikula mwezi mzima, Leann. Mpaka kuku walikula."

"Samahani, mama. Kwa keki na kwa wageni. Si kwa kutoroka. Mtoto wa mchungaji nisingemwezea."

"Hata mimi nisingemwezea," alikiri Verna. "Ana mikono yenye jasho daima."

Nafasi kati yao ikapungua, sijui nani alisogea. Walikaa hivyo, bega kwa bega, wakisikiliza milio ya vizimba vingine.

"Royce anasema kuna mtoto," alisema Verna hatimaye. Alijitahidi ionekane ni habari ndogo.

"Yupo. Msichana. Ametimiza mitano mwezi wa nane."

"Jina lake?"

"Della. Kwa ajili ya baba."

"Della." Verna alilionja jina. "Ana masikio...?"

"Anayo, maskini. Yote mawili."

Mjukuu! Miaka mitano kuna mtoto mwenye masikio ya Odell anatembea chini ya jua hili hili, naye Verna alikuwa anawasemesha kuku. Alisimama. Akaketi. Akasimama tena, akavua ile miwani ya nzi.

"Naweza kumwona?"

"Baba yake anamleta sasa hivi, nikimaliza hapa tunakwenda kula." Leann alimshika mkono. "Mama, ngoja. Kuhusu baba yake. Kuna jambo lazima ulijue kwanza, ukiwa umekaa—"

Nje, honi ilipiga mara mbili.

Verna hakungoja. Alisukuma mlango wa kwanza, akakumbuka, akangoja ufungwe huku anapiga mguu chini, akasukuma wa pili. Sebuleni hapakuwa na mtu kwenye kiti cha Earline. Andazi la nne lilikuwa limeachwa limeng'atwa nusu, jambo ambalo halijapata kutokea tangu Earline azaliwe.

Akatoka nje. Upepo wa alasiri ulimpiga vumbi machoni. Kwenye maegesho palisimama lori dogo la buluu, na kwenye dirisha la dereva alikuwa amening'inia Earline Pogue, mkoba unayumba kiwikoni, anapunga mikono kama anayeelekeza ndege.

"Geuza gari!" alikuwa anafoka kwa sauti ya kubana. "Geuza, nakuambia! Yuko ndani!"

Verna hakumtazama dereva. Mlango wa upande wa pili ulikuwa umefunguka, na viatu viwili vyekundu vilikuwa vinatafuta ardhi. Vikaipata. Msichana mdogo akatokea, nywele zimefungwa mikia miwili, na kati ya mikia ile, ah! masikio ya Odell, yote mawili, jua limepenya ndani yake yakawa mekundu kama majani ya vuli.

Mtoto aliinua uso. Akacheka. Akaanza kukimbia juu ya kokoto, mikono wazi, moja kwa moja kwa Verna.

"Bibi! Bibi!"

Verna alipiga magoti. Kokoto zilimchoma, hakusikia. Alifungua mikono, moyo unapiga kuliko bastola yoyote.

Mtoto akampita. Akampita kama anavyopita nguzo ya umeme, upepo wa gauni lake ukamgusa Verna shavuni, akaenda kuirukia miguu ya Earline aliyekuwa amezunguka mbele ya lori, akaikumbatia.

"Bibi, umeniletea andazi?"

Earline alikuwa ameganda, mkono mmoja juu ya kichwa cha mtoto, mahali palipozoea mkono huo. Nyuma ya usukani, Garland Pogue, mwanawe Earline, yule ambaye kila Jumapili mama yake alimwombea kanisani kwa kuwa yuko mbali, Alaska, peke yake kwenye barafu, alivua kofia yake polepole, akaiweka kifuani.

"Verna," alisema Earline. "Shoga yangu. Nilikuwa nitakuambia."

Verna alikuwa bado amepiga magoti, mikono wazi, amekumbatia vumbi.

Mtoto aligeuka. Akamtazama yule mama wa kwenye kokoto, kuanzia nywele mpaka viatu. Akavuta sketi ya Earline, akauliza kwa sauti iliyosikika mpaka mlangoni, alikosimama Leann:

"Bibi, huyu ndiye yule bibi asiyetutaka?"